Kigunduzi cha Metali Kinapokusumbua: Kutofautisha Hitilafu ya Koili, ya Udongo na ya Mipangilio

Malalamiko mengi kuhusu kigunduzi cha metali huishia kwa mwenye nacho kununua kingine, ilhali tatizo lilikuwa kwenye ile sahani iliyofungwa mwishoni mwa fimbo, yaani koili, au katika namna koili hiyo inavyopatana na udongo wa mahali. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine na kueleza jinsi ya kufikia chanzo chake. Mfano mkuu ni mashamba ya kaunti ya Culpeper katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ambako Jeshi la Potomac la upande wa Muungano lilipiga kambi katika majira ya baridi ya 1863 hadi 1864, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na ambako mapigano ya Brandy Station ya tarehe 9 Juni 1863 yalikuwa makubwa kuliko yote ya askari wa farasi yaliyowahi kupiganwa katika bara la Amerika Kaskazini. Ardhi hiyo ina risasi za Minié (risasi za bunduki za wakati huo, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi), vifungo vya shaba vyenye picha ya tai na vibamba vya mikanda, lakini pia ina udongo mwekundu wenye oksidi nyingi za chuma, ambao ni mtihani mkali kwa koili ya aina yoyote.

Kabla ya kuwasha kifaa, hakikisha una haki ya kuwa hapo ulipo. Sheria ya Marekani ya kulinda rasilimali za akiolojia, iliyopitishwa mwaka 1979, inakataza kuchimbua bila kibali mabaki yenye umri wa miaka 100 au zaidi katika ardhi ya serikali kuu, na katika hifadhi za taifa, viwanja vya vita vikiwemo, hata kubeba kigunduzi kilicho tayari kutumika ni kosa. Watafutaji wa Culpeper hufanya kazi katika mashamba ya watu binafsi, kwa ruhusa ya mwenye shamba, na ruhusa ya maandishi ni bora kuliko ya mdomo.

Koili inaona nini chini ya ardhi

Ndani ya koili ya kawaida mna mizunguko miwili ya waya. Mmoja hurusha uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, na mwingine husikiliza, nayo imepangwa kwa namna ambayo msikilizaji hapati chochote wakati hakuna metali karibu. Kipande cha metali kikiingia katika uga huo, mikondo midogo ya umeme huzunguka ndani yake na kutoa uga wake dhaifu unaochelewa kidogo nyuma ya ule wa kwanza. Kigunduzi hupima kuchelewa huko ili kukisia kama kilicho chini ni chuma, madini ya risasi, shaba au fedha, na huonyesha jibu kwa namba kwenye kioo.

Katika koili ya duara ndani ya duara, uga una umbo la koni iliyogeuzwa: mpana karibu na koili, mwembamba kadiri unavyoshuka. Koili hii hulenga vizuri, kwa sababu kitu huwa katikati kabisa, na katika udongo mpole hutoa namba zinazoaminika. Katika koili ya D mbili, mizunguko miwili yenye umbo la herufi D hupandana katikati, na eneo linalosikia vizuri zaidi huwa ukanda mwembamba kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma, kama ubapa wa panga uliosimamishwa ardhini. Kwa kuwa ukanda huo hugusa udongo kidogo kwa wakati mmoja, koili ya D mbili huvumilia madini ya ardhini kuliko ile ya kwanza. Aina ya tatu ni koili ya mono, ambayo mzunguko wake mmoja hurusha pigo la umeme, hunyamaza, kisha husikiliza. Hii hutumika na vigunduzi vya mipigo kama Minelab GPX 5000.

Jambo jingine la kushika ni kwamba nguvu ya uga ikishapita umbali wa nusu kipenyo cha koili hushuka kwa kasi kubwa, takriban kwa mchemraba wa umbali, na mwangwi wa kitu kidogo hushuka vivyo hivyo ukirudi. Hesabu hizo mbili zikizidishwa, kitu kilekile kikiwa kwenye kina maradufu hutoa ishara iliyo dhaifu mara 64 hivi. Hii ndiyo sababu kuongeza usikivu hadi mwisho hakuleti kina ambacho wengi hukitarajia, na matatizo kadhaa yanayofuata hapa huzaliwa na tamaa hiyo.

Dalili: kigunduzi kinalia hata koili ikiwa imetulia

Inua koili hadi usawa wa kiuno, mbali na gari na sepetu, uishike bila kuitikisa. Kelele ikiendelea, udongo hauhusiki. Koili imekuwa antena ya umeme wa nje. Igeuze polepole kama unayetafuta mwelekeo: kelele ikipungua upande mmoja na kuongezeka mwingine, chanzo kipo nje na kina mahali pake. Vyanzo vya kawaida ni nyaya za umeme mkubwa, simu iliyo mfukoni, kigunduzi cha mwenzako kinachotumia masafa yaleyale, na uzio wa umeme wa ng'ombe. Uzio huo hutambulika kwa urahisi, kwani mlio wake hurudi kwa mapigo ya kupishana takriban sekunde moja.

Zima simu, ongeza umbali kati yako na mwenzako, badilisha chaneli au masafa kama kifaa kinaruhusu, na baada ya hayo ndipo upunguze usikivu. Kumbuka pia kwamba koili kubwa hukusanya kelele nyingi kuliko ndogo. Shamba lililo chini ya nyaya za umeme, ambalo halivumiliki kwa koili ya inchi 15, huweza kufanyiwa kazi kwa utulivu kwa koili ya inchi 6, na mlio mtulivu wa koili ndogo hukupa vitu vingi kuliko ghasia ya koili kubwa.

Dalili: kinalia pale tu unapopepea

Koili ikinyamaza inapotulia na kulia inapopita, anza na vitu vya bei nafuu. Kagua kebo kwanza. Inapaswa kuzungushwa kwenye fimbo kwa kukazwa kiasi, ikiachwa nafasi ndogo tu karibu na koili ili iweze kuinamishwa. Kebo inayoning'inia juu ya koili ni metali inayotembea ndani ya uga, nayo husomwa kama kitu. Shika koili hewani, kisha utikise kebo taratibu, mwanzoni karibu na plagi, halafu pale inapoingia kwenye koili. Mlio ukitokea, waya umekatika ndani au plagi imelegea au imeingia kutu, na hakuna mpangilio wowote utakaoponya hilo.

Kisha vua kifuniko cha koili. Udongo mwekundu uliochanganyika na maji hupenya kati ya kifuniko na koili na kukaa hapo kama tabaka la madini linalosogea kila unapopepea. Osha vyote viwili, kausha, urudishe. Ninalisisitiza hili kwa sababu ni kazi ya dakika chache na huondoa sehemu kubwa ya milio isiyo na maelezo.

Angalia pia metali unazozibeba mwenyewe. Boliti inayoshika koili lazima iwe ya plastiki. Mtu akibadilisha iliyovunjika kwa ya chuma, koili haitatulia tena. Viatu vyenye chuma kwenye vidole hutoa mlio kila koili inapokaribia mguu, na mlio huo hutambulika kwa kuwa hutokea mwishoni mwa mpepeo, upande mmoja. Kosa la aina hii ni la zamani sawa na kifaa chenyewe. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alitumia mizani yake ya koili, yaani kigunduzi cha metali cha awali, kutafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, na springi za chuma za kitanda alicholazwa mgonjwa zilichangia kuvuruga jaribio, huku daktari wake akiruhusu upimaji wa upande wa kulia tu, ambao haukuwa na risasi.

Vyote hivyo vikiwa salama, kinacholia ni ardhi. Tafuta eneo lisilo na metali, kisha sawazisha ardhi, yaani kifanye kigunduzi kiyapuuze madini ya udongo, kwa kuinua na kushusha koili kati ya sentimita 5 na 25 juu ya udongo huku ukifuata utaratibu wa kifaa chako, hadi sauti ya kupanda na ya kushuka ziwe sawa. Rudia kila udongo unapobadilika rangi au unyevu, na pia koili inapobadilika joto, kwa mfano ikitoka ndani ya gari lililokaa juani na kuwekwa kwenye ardhi baridi. Majani yaliyolowa umande nayo hutoa milio yakisuguana na koili. Katika hali hiyo inua koili kidogo na upunguze usikivu hadi jua liyakaushe.

Dalili: chini ya kina fulani kila kitu kinasomeka kama chuma, au hakuna kitu kabisa

Huu ndio ugonjwa mkuu wa Culpeper, na hapa ndipo mtu anapojifunza kwa hakika tofauti za koili. Risasi ya Minié yenye kipenyo cha milimita 14 hivi na uzito wa takriban gramu 30 ni kitu kizuri kwa kigunduzi chochote katika udongo mpole. Katika udongo mwekundu, risasi hiyohiyo ikiwa juu husomeka sawasawa, lakini ikizidi sentimita 12 au 15 namba yake huanza kuyumba kuelekea chuma, na chini zaidi hupotea kabisa. Risasi haijabadilika. Ishara ya madini ya udongo imekuwa kubwa kuliko ishara ya risasi, na kigunduzi kinapochanganya hizo mbili hutoa jibu la ile kubwa.

Baadhi ya vifaa, kama Fisher F75, huonyesha kwenye kioo kiasi cha madini ya sumaku yaliyo ardhini; kipimo hicho kikiwa juu, usitumie koili ya duara ndani ya duara, kwa sababu koni yake hubeba udongo mwingi sana kwa pamoja. Funga koili ya D mbili. Usikimbilie kubwa kuliko zote: katika udongo wa namna hii koili ya inchi 9 hadi 11 mara nyingi huishinda ile ya inchi 15, kwani kila sentimita inayoongezwa kwenye kipenyo huongeza udongo unaosikika pamoja na kina. Punguza usikivu hadi mlio wa ardhi unyamaze, halafu ondoa uchujaji wa chuma au uupunguze, usikilize sauti zote. Mtu anayechuja chuma kabisa katika shamba hili huzichuja risasi za kina pamoja na misumari, na hatajua kamwe alichopita juu yake.

Ukiwa umefanya hayo yote na bado huoni chini ya sentimita 15, kigunduzi cha masafa, yaani kile cha kawaida kinachorusha uga bila kunyamaza, kimefika mwisho wa uwezo wake. Hapo ndipo watafutaji wa Culpeper walipohamia vigunduzi vya mipigo, ambavyo husikiliza baada ya urushaji kuzimwa na hivyo kuathiriwa kidogo zaidi na madini. Gharama yake ni kwamba havitofautishi metali kwa uhakika. Kwenye GPX 5000 kazi ya kukataa chuma hufanyika kwa koili ya D mbili tu. Ukifunga mono unapata kina zaidi, lakini unachimba kila msumari. Ushauri wangu ni D mbili katika maeneo ya kambi yenye takataka nyingi, na mono katika mashamba yaliyokwisha kusafishwa na wengine, ambako milio ni michache na kila mlio unastahili sepetu.

Ili kujua mipaka ya koili yako bila kubahatisha, fanya jaribio la ardhini. Usifukie risasi moja kwa moja kutoka juu, kwa sababu udongo uliovurugwa hausomeki kama ule uliotulia kwa miaka 160. Chimba mtaro mdogo, toboa ukuta wake kwa mlalo kwenye kina cha sentimita 10, 15, 20 na 25, usukume risasi ndani ya kila tundu, kisha upepee juu ya ardhi ambayo haikuguswa. Jaribu kila koili uliyo nayo siku hiyohiyo, kwa mipangilio ileile, na uandike matokeo. Jaribio la kupitisha risasi hewani mbele ya koili lina faida moja tu, nayo ni kuthibitisha kwamba kifaa kinafanya kazi.

Wasomaji wa Taita Taveta wataitambua dalili hii, maana udongo mwekundu wa upande wa Tsavo nao una chuma kingi, na huko ndiko majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalikopambana kati ya 1914 na 1916, vikiwemo vita vya kilima cha Salaita vya Februari 1916. Fizikia ya koili ni ileile, lakini sheria ni tofauti. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 hairuhusu mtu binafsi kutafuta na kuchimbua mabaki ya kale bila leseni, na ruhusa ya mwenye shamba haitoshi. Tanzania nayo ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Dalili: milio mizuri inayogeuka kuwa misumari

Mahali paliposimama vibanda vya askari hujaa misumari. Koili ya D mbili ina udhaifu wa kukiinua chuma kilichopinda au chenye ubapa hadi namba za juu, ambazo ni za metali nzuri, hasa koili inapokipita kwa ukingo wake. Ukipata mlio mzuri, geuka nyuzi 90 na upepee tena. Mlio unaobaki vilevile pande zote mbili una matumaini. Ule unaosikika upande mmoja tu na kukatika upande mwingine kwa kawaida ni chuma. Kisha tumia kitufe cha kulenga, kinachokuonyesha kitu kilipo hasa: mahali pa mlio wa juu na mahali panapoonyeshwa na kulenga pakitofautiana kwa sentimita kadhaa, umesikia ukingo wa chuma kirefu.

Tatizo la kinyume chake ni baya zaidi kwa sababu halisikiki. Kifungo cha koti kikilala karibu na msumari, koili kubwa huviona vyote viwili kwa pamoja na kutoa sauti ya chuma. Tiba yake ni koili ndogo ya inchi 5 au 6 inayopitishwa polepole, huku kila mpepeo ukipanda nusu ya ule uliotangulia. Kina kitapungua, lakini katika eneo la misumari kina hakina maana kama kifungo kimefunikwa kwenye sentimita ya 10. Koili ya yai, ndefu na nyembamba, ni ya kati kwa kati: hutenganisha karibu sawa na ndogo na kufagia eneo kubwa zaidi.

Dalili: mlio mzuri, shimo tupu

Kwa koili ya D mbili, mara nyingi umechimba kando. Lenga kwa njia ya kurudi nyuma: pepea kwa ufupi juu ya mlio huku ukivuta koili kuelekea kwako, na mlio unapokatika ghafla, kitu kipo mbele kidogo ya ncha ya koili. Kama mlio ulikuwepo kabla ya kuchimba na sasa umetoweka, pitisha koili juu ya udongo uliotoa kwanza, kisha kagua kuta za shimo kwa kigunduzi kidogo cha mkononi. Kipande cha chuma kilichooza hueneza kutu katika udongo unaokizunguka, na ukiuvuruga udongo huo ishara hudhoofika. Kwa upande mwingine, usiamini kila mlio unaotoka kwenye ukingo wa shimo katika udongo mwekundu, kwani koili inapovuka kutoka udongo hadi uwazi kigunduzi huusoma mruko huo kama kitu.

Dalili: koili mpya haifanyi kazi, au namba zimebadilika

Plagi kuingia hakuthibitishi kwamba koili inafaa. Koili hutengenezwa kwa ajili ya kifaa na masafa mahususi. Kwenye Minelab X-Terra 705, kwa mfano, koili ndiyo inayoamua kama kifaa kitafanya kazi kwa kilohezi 3, 7.5 au 18.75. Nunua iliyoandikwa jina la kifaa chako. Usitegemee pia kipimo cha kina cha kwenye kioo baada ya kubadilisha koili, kwa kuwa kwa kawaida hupangwa kwa kitu chenye ukubwa wa sarafu na koili iliyokuja na kifaa. Sawazisha ardhi upya kila unapobadilisha.

Dalili: mlio mpana wa chuma, wenye nguvu, unaosikika hata koili ikiinuliwa

Inua koili sentimita 30 au 40 juu ya ardhi. Kitu kidogo kilicho juu kitanyamaza, ilhali kitu kikubwa kitaendelea kusikika kwa upana. Kinaweza kuwa jembe la zamani au kipande cha tanuri la kambi, na kinaweza kuwa kombora la mzinga. Makombora ya vita hivyo vya Marekani yalijazwa baruti nyeusi, ambayo haipotezi hatari yake kwa umri: mwaka 2008 mkusanyaji mmoja huko Virginia aliuawa na kombora la aina hiyo alipokuwa akilishughulikia nyumbani kwake. Ukiona umbo la mviringo au la risasi kubwa lenye tundu la kiwashio, acha kuchimba, usiligonge wala kulisafisha, weka alama mahali hapo, ondoka na uwaite polisi, ambao huwaleta wataalamu wa milipuko.